Sauti ya Gitaa Ndani ya Kisanduku cha Kidijitali

Mashine ya kidijitali ya kuiga amplifaya ni kompyuta ndogo yenye kazi moja. Hupokea umeme dhaifu unaotoka kwenye pikapu za gitaa, huugeuza kuwa tarakimu, huzipitisha tarakimu hizo kwenye hesabu zinazofuata tabia ya amplifaya halisi, kisha huzirudisha kuwa umeme wa kupeleka kwenye spika, mikisa au hedifoni. Yote hayo huchukua milisekunde chache, muda unaolingana na ule ambao sauti ya amplifaya ya kawaida huchukua kumfikia mpigaji aliyesimama mita moja au mbili mbele yake. Kisanduku kimoja cha kubeba begani huwa na makumi ya amplifaya, makabati ya spika, maikrofoni na pedali. Wingi huo ndio unaoziuza mashine hizi, na ndio huohuo unaowachosha wanaozinunua. Mtu hupitia preseti, yaani mipangilio iliyohifadhiwa, moja baada ya nyingine, kila moja inamfurahisha kwa dakika mbili, na siku bendi inapopiga hakuna inayokaa mahali pake.

Wazo lenyewe lina umri. Roland ya Japani ilitoa VG-8 mwaka 1995. Mwaka uliofuata kampuni ya Line 6 ya Marekani ikatoa AxSys 212, na mwaka 1998 ikaja POD, kijisanduku chekundu chenye umbo la figo kilichoingia kwenye studio nyingi za nyumbani. Mashine hizo za mwanzo zilikuwa na uwezo mdogo wa hesabu, na sauti ya mkwaruzo ilitoka ngumu, isiyobadilika mpigaji anapopunguza nguvu ya mkono. Axe-Fx ya Fractal Audio mwaka 2006, Profiler ya Kemper mwaka 2011 na Helix ya Line 6 mwaka 2015 zilipunguza tatizo hilo kiasi kwamba leo, gitaa likishachanganywa na ngoma, besi na waimbaji, hata fundi mzoefu hupata shida kusema ni lipi lililopita kwenye valvu na ni lipi lililopita kwenye hesabu. Sauti mbaya inayotoka kwenye mashine ya kisasa kwa kawaida ni sauti iliyopangwa vibaya.

Ili kuipanga vizuri, inafaa kukumbuka mashine inaiga nini. Gitaa linalosikika kwenye rekodi halikuwahi kuwa amplifaya tupu. Umeme ulipita kwanza kwenye hatua ya awali ya amplifaya, ukapita kwenye nobu za besi, midi na trebo, ukaingia kwenye valvu za nguvu, ukasukuma spika ya inchi 12 iliyofungwa ndani ya kabati la mbao, na mbele ya spika hiyo palikuwa na maiki. Kila kituo kilibadilisha kitu. Watumiaji wengi wa mashine hizi humaliza jioni nzima wakichagua jina la amplifaya, kisha wanaziacha spika na maiki kama zilivyotoka kiwandani. Wanatafuta mahali pasipostahili kutafutwa kwa muda mrefu hivyo.

Kazi huanzia kwenye tundu la kuingizia waya. Pikapu za koili moja hutoa umeme mdogo kuliko zile za koili mbili, na kiwango kilichowekwa kwa gitaa moja kinaweza kuwa kikubwa mno kwa jingine. Katika amplifaya ya valvu, kuzidisha kiwango huleta mkwaruzo unaopendeza. Katika kigeuzi cha kidijitali huleta mlio uliokatika vipande, ambao hakuna nobu ya baadaye inayoweza kuuponya. Taa ya kuingilia isiguse nyekundu hata kamba zote sita zinapopigwa kwa nguvu. Kwa anayetumia kompyuta pamoja na kiunganishi cha sauti, tundu sahihi ni lile lililoandikiwa alama ya gitaa, lenye ukinzani wa takriban megaomu moja. Tundu la laini huunyonya umeme wa pikapu, na trebo hupotea kabla mashine haijaanza kazi yake.

Kuhusu amplifaya zenyewe, orodha ndefu hufupika sana mtu akijua koo zake. Fender ya Marekani ilitoa Bassman mwaka 1952 kwa ajili ya gitaa la besi, lakini wapigaji wa gitaa la kawaida wakaipenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Jim Marshall, mpiga ngoma aliyekuwa na duka la vyombo vya muziki magharibi mwa London, alitengeneza na mafundi wake amplifaya ya JTM45 kwa kufuata mchoro wa Bassman ya mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo Marshall ni mtoto wa Fender aliyekulia Uingereza. Vox AC30 ni ukoo mwingine, unaotumia valvu nne ndogo za EL84 na kutoa sauti yenye mng'ao wa juu. Kwa sababu za haki za majina ya biashara, watengenezaji wa mashine huficha majina hayo: ndani ya Helix, AC30 huitwa Essex A30, Marshall ya zamani huitwa Brit Plexi, na Roland JC-120 huitwa Jazz Rivet 120. Kitabu cha maelezo kinachofungua siri ya majina haya kina faida zaidi kuliko preseti 100 za kununua.

Faida hiyo huonekana kwenye nobu. Marshall za zamani hazikuwa na nobu ya pili ya kudhibiti ukubwa wa mwisho. Mkwaruzo wake mwingi ulitoka kwenye valvu za nguvu zilizosukumwa kwa sauti ya kutetemesha madirisha. Anayefungua nakala yake kwenye mashine na kuweka voliumu kwenye 3, kwa mazoea ya kuogopa majirani, atasikia kitu kikavu kisicho na uhai. Aipeleke 7 au 8, kisha apunguze sauti kwenye nobu ya kutokea, ambayo haigusi tabia ya amplifaya. Amplifaya za muziki mzito kama Peavey 5150 ya mwaka 1992 ziko kinyume: mkwaruzo wake hutengenezwa kwenye hatua ya awali, na ukizidisha hatua ya nguvu besi hulegea na kuvimba. Nobu nazo zina ujanja. Katika Fender nyingi, kuweka besi, midi na trebo katikati hakumaanishi sauti iliyo sawa, kwa kuwa saketi yenyewe hukata masafa ya kati. Katika AC30 kuna nobu iitwayo Cut ambayo ukiiongeza, trebo hupungua. Mashine inayoiga kwa uaminifu huiga na vituko hivi.

Hapo ndipo zamu ya spika inapofika, na ndipo penye utajiri wote. Spika ya gitaa si spika ya muziki. Hutoa masafa ya kati kwa nguvu, kisha baada ya hezi 5,000 hivi huporomoka kwa kasi. Mkwaruzo wa amplifaya una masafa mengi ya juu sana, na spika ndiyo inayoyachuja. Ukiizima nakala ya spika kwenye mashine na kusikiliza kwa hedifoni, utasikia mlio wa nyuki waliofungiwa ndani ya kopo. Hiyo ndiyo amplifaya yenyewe, bila kabati.

Mashine nyingi huhifadhi tabia ya spika kama faili fupi ya sauti: jibu ambalo spika, kabati na maiki vilitoa vilipopigiwa mlio wa majaribio. Faili ya sampuli 2,048, katika kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, haifikii hata milisekunde 43. Lakini ndani yake mna aina ya spika, ukubwa wa kabati, aina ya maiki na mahali ilipowekwa. Maiki ya Shure SM57, iliyoanza kuuzwa mwaka 1965 na ambayo bado husimama mbele ya amplifaya duniani kote, ikielekezwa katikati kabisa ya spika hutoa sauti kali, yenye ncha. Ikisogezwa sentimita tatu au nne kuelekea ukingoni, ukali hupungua na joto huongezeka. Ikisogezwa karibu sana na kitambaa cha spika, besi huvimba, kwa sababu maiki za mwelekeo mmoja huongeza masafa ya chini zikiwa karibu na chanzo. Mabadiliko haya ni makubwa kuliko yale anayoyapata mtu kwa kuhama kutoka Marshall moja kwenda nyingine. Njia yenye kuzaa matunda ni kuchagua amplifaya moja, kuacha nobu zake zikiwa za wastani, kisha kubadilisha spika na kusogeza maiki mpaka sauti ikae, ndipo nobu ziguswe.

Baada ya hapo mafundi wengi huweka vichujio viwili: kimoja cha kukata chini ya hezi 80 hadi 120, kingine cha kukata juu ya hezi 6,000 hadi 8,000. Noti ya chini kabisa ya gitaa lililotuniwa kawaida ni hezi 82, na sehemu kubwa ya uzito wake husikika juu ya hapo. Kilichobaki chini ni ngurumo inayogombana na besi. Vichujio hivi humtisha anayesikiliza peke yake chumbani, kwa sababu gitaa hunyauka kidogo. Kwenye bendi husimama wima.

Chumba cha kulala ndicho kinachoharibu preseti nyingi, na sababu iko masikioni. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa Bell Labs nchini Marekani, walichapisha vipimo vinavyoonyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio husikia besi na trebo kwa udhaifu zaidi kuliko masafa ya kati. Mpigaji anayepanga sauti usiku kwa hedifoni, akiogopa kuwaamsha watu, huongeza besi na trebo na kupunguza midi ili gitaa lionekane limejaa. Akifika ukumbini na kuongeza voliumu, sikio halihitaji tena msaada ule: besi inavuma, trebo inachoma, na midi, ambako gitaa huishi, hakuna. Preseti za kiwandani nazo mara nyingi hupangwa zivutie dukani, gitaa likiwa peke yake, zikiwa zimelowa mwangwi. Sauti ya jukwaani ipangwe kwa ukubwa wa jukwaani, au angalau ipimwe tena kwa ukubwa huo kabla ya siku yenyewe.

Palipo na spika ya kutokea kuna mtego mwingine, mdogo lakini wa kila wiki. Mashine ikienda kwenye mikisa, nakala ya spika lazima iwe imewashwa. Ikienda kwenye amplifaya ya gitaa yenye spika yake, izimwe, la sivyo spika mbili zinachuja sauti moja na gitaa linatoka kana kwamba limefunikwa blanketi.

Mashine za aina ya Kemper, na zile zinazotumia mitandao ya nyuroni kama Quad Cortex ya Neural DSP au Neural Amp Modeler, programu ya bure iliyoandikwa na Steven Atkinson, hufuata njia tofauti. Hazichori saketi kwa hesabu. Husikiliza amplifaya halisi ikipitishiwa milio ya majaribio na kujifunza kuifananiza. Matokeo huwa ya karibu mno, ila ni picha ya amplifaya ikiwa katika mkao mmoja wa nobu. Ukiongeza geini, yaani kiasi cha mkwaruzo, mbali na pale ilipopigwa picha, mashine inakisia. Afadhali kutafuta picha nyingine ya amplifaya ileile kuliko kuilazimisha moja ifanye kila kitu.

Kwa wapigaji wa dansi na rumba, somo hili lina sura yake. Solo ya sebene, sehemu ya wimbo ambapo magitaa hutawala, haitaki mkwaruzo. Inataka usafi, wepesi na noti zinazotengana hata vidole vikikimbia. Nakala ya Roland JC-120, amplifaya ya transista iliyotoka mwaka 1975 ikiwa na korasi yake ya stirio, ni mahali pazuri pa kuanzia, na Fender safi ya aina ya Twin nayo inafaa. Pikapu ya karibu na briji hutoa makali yanayotakiwa. Kompresa nyepesi iwekwe kabla ya amplifaya ili noti ndogo zisipotee, na dilei baada yake. Muda wa dilei haukisiwi: 60,000 ikigawanywa kwa mapigo ya wimbo kwa dakika hutoa urefu wa pigo moja kwa milisekunde. Wimbo wa mapigo 120 una pigo la milisekunde 500, kwa hiyo nusu pigo ni 250 na robo tatu ni 375. Dilei iliyo nje ya hesabu hiyo huchafua midundo ambayo mpigaji anajitahidi kuisafisha.

Bendi ya rumba ina tatizo ambalo bendi ya roki mara nyingi haina: magitaa matatu, yaani rithimu, mi-solo na solo, juu ya besi moja. Yakitumia preseti moja yote hugeuka ukungu. Rithimu inaweza kukatwa besi zaidi, hata yote iliyo chini ya hezi 150, na kuachiwa nafasi kati ya hezi 300 na 800. Mi-solo, ambayo kazi yake ni kurudiarudia mzunguko mmoja katikati ya rithimu na solo, hukaa vizuri ikipandishwa kidogo karibu na hezi 1,000 na kunyimwa mwangwi mrefu. Solo hupewa eneo la hezi 2,000 hadi 3,000. Sebene inapofunguka na solo inatakiwa kutoka mbele, kuongeza geini huirudisha nyuma, kwa sababu mkwaruzo hubana sauti na kuisawazisha. Kinachofaa ni swichi moja ya mguu inayopandisha kiwango cha kutokea kwa desibeli 3, pamoja na midi kidogo, na kuacha kila kitu kingine kama kilivyo.