Mei Mosi Nchini Urusi: Kutoka Msituni hadi Uwanja Mwekundu

Nchini Urusi tarehe 1 Mei huitwa Sikukuu ya Majira ya Kuchipua na Kazi. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1992, baada ya Dola ya Kisovieti kuvunjika. Kabla ya hapo iliitwa Siku ya Mshikamano wa Kimataifa wa Wafanyakazi. Kada asidhani kwamba haya ni mabadiliko ya maneno matupu. Mshikamano umeondolewa, wafanyakazi wameondolewa, imebaki kazi; na kazi yenyewe imewekwa nyuma ya hali ya hewa.

Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kudai kwamba majira hayo yaliingizwa kwa hila tu. Kwetu sisi Mei ni mwezi wa matope ya masika, hivyo si rahisi kuona uzito wa jambo hili. Urusi ni nchi ya theluji. Majira ya baridi yanapokwisha miti huchipua, na watu waliojifungia ndani kwa miezi mingi hutoka nje. Watu wa mijini walikuwa na desturi ya kwenda msituni siku hizo na chakula chao. Matembezi hayo yaliitwa mayevka. Desturi hiyo ndiyo wafanyakazi walioigeuza kuwa ngao.

Mapambano yenyewe yalianzia mbali. Tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi wa Marekani waligoma wakidai siku ya kazi ya saa nane. Siku tatu baadaye bomu lililipuka katika mkutano wa hadhara mjini Chicago, na Novemba 1887 watetezi wanne wa wafanyakazi wakanyongwa bila kuthibitishwa ni nani aliyelirusha. Mwaka 1889 wajumbe wa vyama vya kisoshalisti waliokutana Paris waliazimia kwamba tarehe 1 Mei 1890 wafanyakazi wa nchi zote waandamane kwa dai hilo hilo.

Chini ya utawala wa Tsar, wakati huo mgomo ulikuwa kosa la jinai. Basi mwaka 1891 wafanyakazi wa St. Petersburg walikwenda kukutana kwa siri nje ya mji, kama watu wanaokwenda kupunga upepo, wakahutubiana. Mwaka 1901 mambo yalitoka hadharani: wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Obukhov walipoacha kazi siku ya Mei Mosi, uongozi uliwafukuza baadhi yao, wenzao wakagoma, wakapambana na polisi na askari kwa mawe.

Palikuwa na tatizo la kalenda pia. Kalenda ya Urusi ilikuwa nyuma kwa siku 13, na mwenzao wa Berlin alipokuwa barabarani, kwao ilikuwa bado Aprili 18. Mwaka 1917, Tsar alipokwisha kuanguka, waliandamana kwa uhuru siku hiyo hiyo ya Aprili 18, ili hatua zao ziende pamoja na za wafanyakazi wa nchi nyingine. Mwaka huo huo, siku chache tu baada ya Mapinduzi ya Oktoba, siku ya saa nane ikawa sheria.

Hapa ndipo penye somo gumu. Siku iliyokuwa ya kuidai dola haki sasa ilikuwa mikononi mwa dola. Mwanzoni bado ilikuwa na uhai: Mei Mosi ya 1920 iligeuzwa kuwa siku ya kazi ya kujitolea, na Lenin mwenyewe alibeba magogo katika ua wa Kremlin. Lakini miaka ilivyopita, maneno ya mabango yalitungwa na Kamati Kuu na kuchapishwa mapema magazetini, na maandamano yakapangwa kiwanda kwa kiwanda. Mwandamanaji akawa mtu wa kuhesabiwa.

Mwaka 1986 kinu cha nyuklia cha Chernobyl kililipuka tarehe 26 Aprili. Siku tano baadaye, upepo ukiwa umeupeleka mnururisho upande wa Kiev, maandamano ya Mei Mosi yalifanyika katika mji huo kama kawaida, na watoto wakiwamo. Wafanyakazi hawakuwa wameambiwa ukubwa wa hatari. Chama kinachojiita cha wafanyakazi hakiwezi kukwepa swali hilo kwa kuwataja mabepari.

Miaka minne baadaye, katika Uwanja Mwekundu wa Moscow, waandamanaji waliwazomea viongozi waliosimama juu ya kaburi la Lenin, na Gorbachev na wenzake wakaondoka jukwaani. Kwa hiyo jina lilipobadilishwa mwaka 1992, mshikamano ulikuwa umekwisha kupungukiwa na watu wa kuutetea.

Siku ya pili ya mapumziko, Mei 2, ilifutwa kuanzia mwaka 2005. Leo familia nyingi za mijini huitumia Mei Mosi kwenda kwenye vibanda vyao vya shamba nje ya mji, kufungua madirisha yaliyofungwa tangu baridi ianze na kutayarisha ardhi ya kupanda viazi.