Sukhoi ya Mrusi: dume angani, mgonjwa chini!

UBISHI ulianza saa kumi jioni, chini ya mwembe, hapa Ndagoni kisiwani Mafia. Nilikuwa nimekuja kumwona mjomba, na si unajua tena mtoto wa mjini akifika kijijini, anajifanya kila kitu anakijua yeye. Mshikaji mmoja akachomoa simu yenye picha ya ndege ya kivita: mikia miwili, pua ndefu imeinama kama inanusa kitu.

"Huyu ni Sukhoi," akasema. "Waganda wanaye. Akitoka Entebbe, nusu saa tu yuko hapa juu ya minazi yetu."

Nikasema hafiki. Kijiwe kizima kikanicheka. Kamari ni haramu, kwa hiyo tukatafuta maneno ya heshima: atakayeshindwa anunue kreti la soda.

Sasa msomaji wangu, kabla na wewe hujaniita mbishi, mtazame kwanza mnyama mwenyewe. Jirani zetu wa Uganda walinunua ndege sita aina ya Su-30MK2, za kwanza zikatua Entebbe Julai 2011. Mkataba wote, pamoja na silaha na vifaa vingine, ulitajwa kuwa dola za Marekani milioni 740. Mkwanja huo ulizua kelele Kampala nzima, maana mwaka huohuo wananchi walikuwa barabarani wakilalamikia bei ya chakula na mafuta.

Ukiiona, hutashangaa kwa nini rais yeyote angeitamani. Urefu karibu mita 22, injini mbili, marubani wawili wanaokaa mbele na nyuma. Inabeba tani 8 za mabomu na makombora kwenye ndoano 12, ina mzinga wa milimita 30, na rubani akikuona mbali anaweza kukutumia kombora kabla hujamwona. Bila tangi la ziada inakwenda kilomita 3,000. Mwendo wake wa juu kabisa ni kama kilomita 2,100 kwa saa, yaani karibu mara mbili ya kasi ya sauti.

Hapo ndipo washikaji waliponibana. Nikachukua kijiti, nikapiga hesabu mchangani. Entebbe mpaka Mafia, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 1,200 hivi. Gawa kwa 2,100. Dakika 34! Kijiwe kikalipuka, wengine wakaanza kutaja soda wanazotaka.

Tulieni. Mwendo ule unapatikana juu sana tu, kilomita kumi na zaidi, tena ndege ikiwa nyepesi. Ikitundikwa mabomu, sahau. Na ili iukamate, rubani lazima amwage mafuta ya ziada nyuma ya injini yawake moto, ule mkia mwekundu unaouona kwenye picha. Moto huo ni ulafi mtupu. Sukhoi inabeba mafuta zaidi ya tani 9, lakini injini zote mbili zikifunguliwa hivyo chini chini karibu na bahari, tani zote zinaweza kukauka ndani ya robo saa. Huko juu zinadumu zaidi, ila Mafia hafiki, na akifika basi asifikirie kurudi.

Rubani mwenye akili anakuja kwa mwendo wa kawaida, kilomita 900 hivi kwa saa. Hiyo ni saa moja na dakika 20. Kwenda na kurudi ni kilomita 2,400. Kinachobaki cha kupigania ni kidogo mno. Kreti langu hilo.

Lakini ubishi ulikuwa umenoga, tukaendelea. Je, ikikutana na ndege nyingine? Jibu liko hapa hapa Afrika. Februari 1999, Sukhoi-27 za Ethiopia, dada mkubwa wa hii ya Uganda, zilikutana angani na MiG-29 za Eritrea. Mrusi dhidi ya Mrusi! Sukhoi zilitamba ile mbaya. Hata hivyo makombora ya mbali aina ya R-27 yaliripotiwa kukosa shabaha mara nyingi. Ile hadithi ya kumpiga mtu usiyemwona ni tamu zaidi kwenye kitabu cha muuzaji.

Halafu jitu lenyewe ni kubwa, halijui kujificha. Kwenye rada linaonekana kama jahazi lililotweka tanga mchana kweupe. Rada yake yenyewe, hii ya MK2, ni ya mtindo wa zamani, sahani inayogeuka huku na huku kutafuta, wakati ndege mpya za wenzao zina rada isiyohitaji kugeuza kitu. Mei 2025 Ukraine ilitangaza kwamba imeangusha Sukhoi-30 za Urusi juu ya Bahari Nyeusi kwa makombora yaliyorushwa kutoka kwenye boti. Boti yenyewe haina hata nahodha ndani! Niliposema hilo wavuvi wa pale walinyamaza kidogo, kisha mmoja akauliza boti hiyo inauzwa wapi.

Mjomba alikuwa kimya muda wote akishona nyavu. Ndipo akauliza: "Mjomba, spea zake zinatoka wapi?"

Bwana wee, hilo ndilo swali. Injini ya boti yake imelala chini ya mnazi wiki ya tatu, kwa sababu ya kifaa kidogo kuliko kiganja ambacho lazima kitoke Dar es Salaam. Injini za Sukhoi nazo hazina maisha marefu. Saa 1,000 hivi za kuruka, inashushwa na kufunguliwa yote, na kazi hiyo si ya fundi wa uchochoroni. Mwaka 2015 India, ambayo ina kiwanda chake cha kuziunganisha, ilikiri kwamba zilizo tayari kuruka ni zaidi kidogo tu ya nusu. Na tangu Februari 2022 Mrusi yuko vitani, spea anazihitaji mwenyewe, na vikwazo vya benki vinafanya hata kumlipa iwe shughuli.

Mjomba akatikisa kichwa, akanionyesha upande wa bahari, kule ng'ambo kuliko delta ya Rufiji. Habari ya mwaka 1915 huku inajulikana. Waingereza waliiteka Mafia Januari ile, wakaleta ndege za kuisaka manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha ndani ya mikoko. Ndege zao za mwanzo, za mbao na turubai, zilishindwa na joto na unyevunyevu wa pwani, gundi ikawa inaachia. Ikabidi zije nyingine, zikaruka kutoka hapa kisiwani kuwaelekeza wapiga mizinga, na Julai 11 manowari ikaisha. Adui wa kwanza wa ndege zile hakuwa Mjerumani. Ilikuwa hewa hii hii ya chumvi iliyokula injini ya mjomba.

Na kama unabisha kwamba ndege hufia chini, waulize hao hao wa Entebbe. Usiku wa Julai 3 kuamkia 4, 1976, makomando wa Israel waliofuata mateka wao uwanjani pale waliziteketeza MiG za Idi Amin zikiwa zimeegeshwa. Hakuna rubani aliyepata nafasi ya kuonyesha kasi.

Soda zililetwa kesho yake asubuhi, za moto, chupa 23. Ya ishirini na nne eti ilivunjikia njiani. Mjomba akanywa moja, akapiga simu Kilindoni kwa fundi. Kifaa bado hakijaja.