Motokaa kuukuu za Kigobe: Kilomita laki tatu ni sifa ya nani?

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Waliyanena hayo wakitazama majahazi baharini, nao hawakuijua motokaa. Hata hivyo sisi tukaao kando ya Ziwa Tanganyika twaweza kuyanena maneno hayo hayo juu ya magari makuukuu yanayotoka mtaa wa Kigobe kila asubuhi, yakielekea katikati ya mji wa Bujumbura.

Kigobe ni mtaa unaofahamika sana. Ndipo lilipo jumba kubwa la mikutano ambalo kwa miaka mingi limekuwa mahali pa vikao vya Bunge la Taifa. Mbele ya jumba hilo hupita magari mapya ya fahari, lakini hupita pia Corolla na Carina zilizokwisha kufanya kazi miaka mingi katika nchi nyingine kabla ya kufika kwetu. Kwa wenye motokaa hizo, siku mita ya mwendo inapotimiza kilomita 200,000 au 300,000 si siku ya kawaida. Wako wanaosimamisha gari kando ya njia ili kuipiga picha ile namba, na wako wanaowanunulia watoto soda, kana kwamba mzee wa nyumba ametimiza umri mkubwa. Hatuoni ubaya katika furaha hiyo. Swali letu ni moja tu: namba ile ni sifa ya nani?

Kwanza tuipime namba yenyewe. Mzingo wa dunia yetu ni kilomita 40,000 hivi. Basi motokaa yenye kilomita 300,000 imeizunguka dunia mara saba na nusu. Kutoka Bujumbura hadi Gitega ni kilomita 100 hivi. Basi imekwenda Gitega na kurudi mara 1,500. Ikifika kilomita 384,400 itakuwa imemaliza umbali wa kutoka duniani hadi mwezini. Hakuna chuma kinachofanya kazi kiasi hicho bila mkono wa binadamu.

Kusherehekea kilomita si jambo la Kigobe peke yake. Zamani kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilikuwa ikitoa beji kwa wenye magari yaliyotimiza kilomita 100,000, kwa kuwa siku hizo mwendo huo ulihesabiwa kuwa mkubwa mno. Magari mengi ya wakati ule yalikuwa na mita za tarakimu tano tu: yakishapita 99,999 yalirudi kwenye sifuri, na mzee akaonekana kijana tena. Huko Marekani mwalimu wa sayansi, Irv Gordon, alinunua Volvo P1800 mwaka 1966 akaiendesha hadi ikatimiza maili milioni tatu mwaka 2013, yaani zaidi ya kilomita milioni 4.8. Huko Ugiriki dereva wa teksi, Gregorios Sachinidis, aliiendesha Mercedes 240D ya mwaka 1976 hadi kilomita milioni 4.6, kisha mwaka 2004 ikapelekwa katika makumbusho ya kampuni hiyo.

Wengi husikia habari hizo wakadhani ni bahati, au ni ubora wa kiwanda tu. Sivyo. Gordon alikuwa akibadilisha oili kwa wakati bila kukosa, na injini yake ilifunguliwa na kufanyiwa matengenezo makubwa. Teksi ya Sachinidis ilibadilishwa injini mara kadhaa. Kiwanda hutoa mwanzo mzuri, lakini umri mrefu hutoka kwa dereva na fundi.

Afrika ya Mashariki nayo ina ushahidi wake. Peugeot 404 ilishinda mbio za Safari mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, katika vumbi na matope ya nchi hizi. Mdogo wake, Peugeot 504, akashinda mwaka 1975 na 1978. Baada ya sifa hizo za mbio, Peugeot ziliendelea na kazi isiyopigiwa makofi, ya kubeba abiria wa safari ndefu kati ya Nairobi na miji ya Bonde la Ufa. Kilichoziweka barabarani ni springi ndefu, injini isiyo na mambo mengi, na juu ya yote mafundi waliozijua kama wajuavyo viganja vya mikono yao.

Sasa turudi Kigobe, tufanye hesabu nyingine. Mtu akienda kazini na kurudi, akawapeleka watoto shule na kupita sokoni, tuseme anakwenda kilomita 20 kwa siku. Katika siku 300 za mwaka atakuwa amekwenda kilomita 6,000. Kwa mwendo huo atahitaji miaka 50 kufikia kilomita 300,000! Hivyo ni dhahiri kwamba sehemu kubwa ya namba anayoisherehekea iliandikwa na wengine, huko Japani, Ubelgiji au Uarabuni, kabla gari halijashuka bandarini Dar es Salaam.

Hapo ndipo penye hatari ya kwanza. Namba iliyoandikwa na wengine yaweza pia kufutwa na wengine. Wako wafanyabiashara wasio waaminifu wanaoirudisha mita nyuma, na gari la kilomita 280,000 likauzwa kwa bei ya gari la 90,000. Ubelgiji ilipoona wizi huo umezidi, iliweka utaratibu uitwao Car-Pass tangu mwaka 2006: kila gari linapofanyiwa kazi gereji au kukaguliwa, namba ya mita hupelekwa kwenye daftari moja, na muuzaji hana budi kumpa mnunuzi hati yenye historia hiyo. Mnunuzi wa kwetu aghalabu hana hati. Basi atumie macho: usukani uliosuguliwa ukang'aa, mpira wa pedali ya breki uliolika na kiti kilichobonyea havilingani na namba ndogo.

Hapa tuwataje wenye sifa waliosahauliwa. Motokaa ya Kigobe hulala Kigobe, lakini uhai wake hutoka Buyenzi. Mtaa huo wa Waswahili wa Bujumbura umejaa gereji na wauza vipuri, na humo kijana hujifunza ufundi kwa kumshikia fundi wake spana. Fundi wa Buyenzi hupata gari lisilo na kitabu, lenye kipuri kisichopatikana, na jioni hulirudisha likitembea. Mwenye gari akipiga picha ya kilomita laki tatu, jina la fundi huyo halionekani pichani.

Uhaba wa mafuta uliotukabili miaka hii, hasa mwaka 2024 na 2025, umetufundisha jambo jingine. Magari yalipanga foleni siku kwa siku, na mengine yakabaki uani majuma mazima. Mita haikusogea, na pengine mtu akadhani gari limepumzika. Kumbe gari lililosimama nalo huchakaa: betri hufa, matairi hubonyea upande mmoja, petroli ya zamani huacha uchafu katika mirija. Na mafuta ya magendo yanayouzwa kwa chupa, yasiyojulikana usafi wake, huziba chujio na kuharibu pampu. Kwa hiyo kilomita peke yake si kipimo cha umri. Mpira na oili huzeeka kwa miaka, hata gari lisipotembea.

Hatari kubwa kuliko zote iko katika breki. Barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Bugarama hupanda kutoka kando ya ziwa, mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi zaidi ya mita 2,000, katika mwendo wa kilomita zisizofika 40. Kupanda huonyesha nguvu za injini. Kurudi huonyesha ukweli wa breki. Katika mteremko ule dereva hakutani na magari peke yake. Wako waendesha baiskeli waliobeba ndizi na makaa, wako akina mama wenye mizigo kichwani, wako watoto wa shule. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka mingi hunyonya unyevu; breki zikipata moto hutokota, na pedali huzama hadi chini bila gari kusimama. Siku hiyo kilomita laki tatu hazitamfaa mtu.

Kwa sababu hiyo tunatoa shauri. Siku mita inapotimiza namba kubwa, iwe ndiyo siku ya ukaguzi. Kabla ya soda, gari lipelekwe kwa fundi. Afungue magurudumu atazame breki, abadilishe mafuta yake ikiwa yamepita miaka miwili. Aulize mkanda wa injini ulibadilishwa lini, kwani katika injini nyingi zenye mkanda huo mwisho wake ni kilomita 100,000 hivi, na ukikatika huweza kuvunja injini nzima. Asome ubavuni mwa tairi zile tarakimu nne, mbili za juma na mbili za mwaka lilipotengenezwa, asidanganywe na meno mazuri ya tairi lililozeeka. Rejeta itiwe dawa yake badala ya maji matupu yaletayo kutu. Na dereva anayeteremka kutoka Bugarama atumie gia ndogo, injini isaidie kulizuia gari.

Kisha mwenye gari anunue daftari la shule, aandike tarehe, namba ya mita, kazi iliyofanyika na jina la fundi. Daftari hilo halina gharama, na ndilo Car-Pass yetu sisi tusio na Car-Pass. Atakayelinunua gari baadaye atajua anachonunua, na muuzaji mwaminifu atapata bei ya haki.

Wako watakaosema kwamba gari kuukuu ni moshi na aibu, na dawa yake ni kununua jipya. Moshi kweli ni madhara, na gari linalofuka halistahili sherehe mpaka litengenezwe. Lakini gari jipya liko mbali na mshahara wa wengi wetu, na gari lile kuukuu ndilo linalompeleka mgonjwa hospitali usiku na kuleta unga nyumbani. Maadamu ndivyo ilivyo, wajibu wetu ni kulitunza lisije likaua.

Basi enyi wenye magari wa Kigobe, na wa mitaa mingine yote, furahini mita ikitimiza laki tatu. Lakini sifa igawanywe kwa haki: sehemu kwa aliyeunda, sehemu kwa aliyeendesha kwa uangalifu, na sehemu kubwa kwa yule fundi wa Buyenzi mwenye mikono ya oili. Siku hiyo mpigieni simu naye aje anywe soda, na akimaliza kunywa, mlipeni deni lake.