Wastaafu wa Kitengela na Kajiado wanahitaji baraza, si chama cha pesa pekee

Mtumishi wa umma nchini Kenya hustaafu akitimiza miaka 60. Kabla ya mwaka 2009, umri huo ulikuwa 55. Anapokaribia kukabidhi ofisi, kila mtu humuuliza kuhusu kiinua mgongo, pensheni na nyumba aliyojenga. Kuna swali moja ambalo huwa halimfikii: kuanzia Jumatatu ijayo utakuwa ukizungumza na nani?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika mji wa Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, kusini mwa Nairobi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 150,000 katika mji huo, na wengi wao ni wageni. Walikuja baada ya mashamba ya pamoja ya Wamaasai kugawanywa na kuuzwa vipande vipande. Mfanyakazi wa Nairobi au wa viwanda vya Athi River alinunua ploti, akajenga kidogo kidogo kwa mkopo wa Sacco, akawa anaondoka alfajiri na kurudi usiku. Akistaafu ndipo anapogundua kwamba ameishi mahali hapo miaka mingi na jirani yake anamjua kwa mlio wa gari tu. Watoto wamehamia kwingine. Wenzake wa kazini wametawanyika, kila mmoja kwao.

Ukiendelea na barabara hiyo hiyo hadi Kajiado, utakuta mpangilio tofauti. Mwanamume wa Kimaasai ana rika lake. Ametahiriwa katika kipindi kimoja na wenzake, amekuwa moran pamoja nao, na anaingia uzeeni pamoja nao. Hana haja ya kutafuta wa kuzungumza naye kwa sababu mila ilishampa watu hao tangu ujanani. Sisi wa Pwani nasi tuna baraza: mzee wa Mji wa Kale, Lamu au Malindi hutoka baada ya sala ya alasiri, akaketi na wenzake kwa kahawa na bao, na habari za mji humfikia pale pale. Mstaafu wa Kitengela hana rika wala hana baraza. Itambidi avitengeneze kwa makusudi, na hapo ndipo vikundi vya kujifunza na kujumuika vinapoingia.

Wazo lilianzia wapi?

Mwaka 1973, katika mji wa Toulouse nchini Ufaransa, Profesa Pierre Vellas alianzisha masomo ya chuo kikuu kwa ajili ya wazee. Aliyaita Chuo Kikuu cha Umri wa Tatu. Umri wa kwanza ni utoto, wa pili ni wa kazi na kulea, na wa tatu ni ule unaokuja baada ya kazi mtu akiwa bado ana nguvu na akili timamu.

Waingereza walilichukua wazo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuligeuza. Peter Laslett, Michael Young na Eric Midwinter walisema hakuna haja ya wahadhiri. Watu waliofanya kazi miaka 30 au 40 wana elimu ya kutosha kufundishana wenyewe. Basi kukawa hakuna mtihani, hakuna cheti na hakuna mwalimu wa kulipwa. Leo anaongoza yule anayejua uhasibu, wiki ijayo ni zamu ya yule anayejua kilimo cha matone. Leo Uingereza ina zaidi ya vikundi 1,000 vya namna hiyo.

Mtindo huu wa pili ndio unaofaa Kitengela na Kajiado, kwa sababu haungoji bajeti ya kaunti wala mfadhili.

Tofauti na chama

Msomaji atauliza: je, hatuna vyama tayari? Tunavyo, tena vingi. Kina mama wana michango ya mzunguko, makanisa yana jumuiya, na kila ukoo una chama cha mazishi. Lakini vyama hivyo vimejengwa juu ya pesa au msiba. Mwanachama asiye na mchango mwezi huu huona haya kufika. Tena fedha zikipotea, urafiki nao hupotea.

Kikundi cha kujifunza hutenganisha mambo hayo. Ada yake ni ndogo tu, ya chai na karatasi. Hakikopeshi, hakiwekezi, hakinunui ploti. Sheria hiyo inafaa kuandikwa siku ya kwanza, kwa sababu mstaafu aliyepokea kiinua mgongo ni windo la matapeli, na tapeli hupenda mahali ambapo wazee wameshaaminiana.

Namna ya kuanza

Watu wanane hadi kumi wanatosha. Katika mkutano wa kwanza, kila mmoja anataja mambo mawili: jambo analoweza kuwafundisha wengine na jambo ambalo siku zote alitaka kulijua. Orodha hizo mbili ndizo mtaala. Wanaopenda jambo moja wanaunda kikundi kidogo na kumchagua mratibu wa kupanga siku na mahali. Mtu anaweza kuwa katika vikundi viwili au vitatu, na akichoka na kimoja anahama bila lawama.

Mahali si tatizo kubwa. Ukumbi wa kanisa au wa msikiti huwa mtupu siku za kazi, na madarasa huwa matupu Jumamosi. Wakati mzuri ni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ambapo matatu hazina msongamano na mtu anarudi nyumbani kabla ya giza. Kwa kuwa Kitengela na Kajiado ziko mbali kidogo, ni afadhali kila mji uwe na vikundi vyake, kisha vikutane mara moja kwa mwezi au miezi miwili Isinya, iliyo katikati ya njia.

Kikundi kinachotaka kutambuliwa rasmi kinaweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya 2022, kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Kinahitaji wanachama wasiopungua kumi, katiba yake na viongozi waliochaguliwa.

Kujifunza nini?

Kwanza, simu. Huduma nyingi za serikali sasa ziko kwenye simu au mtandao. Bima ya afya ilihamia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, Oktoba 2024, na kujisajili ni kwa kubonyeza *147# au kwenda mtandaoni. Mzee asiyejua hatua hizo humpa kijana simu pamoja na namba yake ya siri, na hapo ndipo wizi huanza. Mwenzake wa umri wake atamfundisha polepole bila kumcheka.

Pili, ardhi na urithi. Katika kaunti ambayo ardhi imeuzwa kwa kasi hii, kujua kusoma hatimiliki na kuandika wosia kunaweza kuokoa familia nzima na kesi ya miaka kumi.

Tatu, mambo ya kufurahisha nafsi. Kaunti ya Kajiado ina Olorgesailie, mahali palipopatikana zana za mawe za binadamu wa kale, na ina mbuga ya Amboseli. Mkaaji wa Kitengela anaweza kujifunza Kimaa kutoka kwa jirani yake Mmaasai, naye jirani akapata wa kumwelezea jinsi ya kufuatilia pensheni ya marehemu kakake. Ushonaji wa shanga, kwaya, bao, historia ya reli ya Magadi, yote yanaingia.

Asiyejua kusoma naye asiachwe nje. Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, na mwaka uliofuata alizungumzia elimu katika Umoja wa Mataifa.

Hatari ya kuwa klabu ya wakubwa

Vikundi hivi hufa haraka vikigeuka kuwa mkutano wa waliokuwa mameneja na walimu wakuu. Zaidi ya Wakenya wanane katika kila kumi wenye kazi wamo katika sekta isiyo rasmi. Mama aliyeuza mboga miaka 35 hakupewa barua ya kustaafu, na mfugaji aliyepoteza mifugo katika ukame wa 2020 hadi 2023 alistaafishwa na jua. Labda kipato chao cha pekee ni Sh2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, wakishafika miaka 70. Hao pia wana la kufundisha. Kiswahili kiwe lugha ya kikundi, na ada isimzuie mtu mlangoni.

Kwa nini jambo hili si la anasa

Shirika la Afya Duniani lilisema Juni 2025 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anaishi na upweke, na kwamba upweke huo unaua. Wataalamu wanautaja utengano na jamii miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya maradhi ya kusahau uzeeni.

Hapa Pwani tunajua gharama nyingine. Kilifi, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na wengine wamelazimika kukimbilia Kaya Godoma huko Ganze. Ni rahisi kumsingizia mzee anayeishi peke yake. Ni vigumu zaidi kumgusa mzee ambaye kila Jumanne watu kumi na wawili wanamsubiri awaelezee jambo, na wasipomwona wanapiga simu.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 57, inampa kila aliyepita miaka 60 haki ya kushiriki kikamilifu katika shughuli za jamii na kujiendeleza. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Serikali ina wajibu wake kwao, lakini haiwezi kumpa mtu marafiki. Mtwapa, Kisauni na Ukunda nazo zinajaa nyumba za watu waliohamia kwa ajili ya kazi na watakaozeekea hapo. Wakianza kutengeneza baraza lao wakiwa na miaka 55, watalikuta tayari siku watakapolihitaji.