Jino Limetoka, Kidonda Kimebaki

Katika tarafa ya Butare, juu milimani wilayani Rusizi, Rwanda, mtu haendi kwa daktari wa meno ili akaguliwe kinywa. Huenda jino likiwa limemnyima usingizi, vidonge vya dukani vimeshindwa na shavu limeumuka. Akifika, ombi lake ni moja: ling'oe. Ndiyo maana mipango ya kugundua saratani ya kinywa mapema ikijengwa juu ya miadi ya kila miezi sita, kama ilivyozoeleka sehemu nyingi za Ulaya, haitafika huku. Ukaguzi hauna budi uingie kwa mlango wa jino bovu.

Na jino lenyewe hudanganya. Saratani ikianzia kwenye ufizi inaweza kuula mfupa ulioshika mizizi, jino likaanza kucheza. Mgonjwa analaumu jino. Linang'olewa, siku chache zinapita kwa nafuu, kisha shimo linakataa kufunga. Kwa kawaida pengo hufunikwa na nyama changa ndani ya wiki mbili tatu. Likibaki wazi, au nyama nyekundu ikaanza kuota humo, dawa ya vijidudu ya mkupuo wa pili na wa tatu inapoteza miezi tu. Jino moja la mtu mzima linalolegea huku jirani zake wakiwa imara lisiguswe na koleo kabla ufizi wake haujaangaliwa na, penye mashine, taya halijapigwa picha.

Ukaguzi unahitaji taa, kioo kidogo, glavu na kipande cha shashi, na dakika tano. Daktari huanza nje: hupapasa shingo na chini ya taya akitafuta matezi magumu yasiyouma. Kisha midomo, mashavu kwa ndani, ufizi, kaakaa, koo. Ulimi ndio unaostahili muda zaidi. "Toa ulimi, mama," kisha ncha yake inashikwa kwa shashi kavu, maana bila shashi huteleza, na kuvutwa taratibu upande mmoja hadi ukingo wake wa nyuma, karibu na magego, uonekane. Hapo, pamoja na sakafu ya kinywa chini ya ulimi, ndipo saratani hupenda kujificha, na ndipo mkaguzi mwenye haraka hafiki.

Utando mweupe unaofutika kwa shashi aghalabu ni fangasi. Usiofutika unafuatiliwa. Doa jekundu linalong'aa kama mahameli huonekana mara chache zaidi, lakini ndilo la kuogopwa zaidi. Kidonda kilichokabiliana na jino lenye ncha kali hupewa nafasi: ncha inasawazishwa, mgonjwa anarudi baada ya wiki mbili. Kikiwa bado kipo, hasa kama kingo zake ni ngumu kidoleni, kinakatwa kipande kidogo cha nyama kikapimwe. Kutouma si habari njema. Saratani hii mwanzoni mara nyingi haiumi.

Je, akaguliwe kila mtu? Huko Kerala, kusini mwa India, wahudumu wasio madaktari walifundishwa kukagua vinywa, wakapita nyumba kwa nyumba kuanzia 1996. Matokeo yaliyotoka 2005 katika jarida la Lancet yalionyesha kuwa miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe vifo vya saratani hiyo vilipungua kwa takriban theluthi moja. Kwa watu wote kwa jumla, tofauti haikutosha kuwa ushahidi. Mimi nasoma hapo mambo mawili: jicho lililofunzwa linatosha kuanzia, na lianze na wenye hatari. Huko Kerala, kama kwenye pwani yetu ya Waswahili, tambuu na popoo ni sehemu ya hesabu. Katika milima ya Rwanda ni mzee mwenye kiko chake, awe mwanamke au mwanamume, na mnywaji wa urwagwa (pombe ya ndizi) au kanyanga (gongo). Anayetumia tumbaku na pombe pamoja ana hatari kubwa kuliko jumla ya hizo mbili. Na mwenye virusi vya Ukimwi aangaliwe kaakaa, kwani madoa ya zambarau hapo yanaweza kuwa sakoma ya Kaposi.

Mtoto ana habari yake. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa saratani wa taya kwa watoto, ambao mara nyingi hutangulizwa na meno kulegea. Baadaye aligundua kwamba unapungua sana kwenye nyanda za juu zenye baridi. Kwa hiyo mhudumu wa tambarare ya Bugarama, chini katika wilaya hiyohiyo ya Rusizi, kwenye joto na mashamba ya mpunga, ana sababu zaidi ya kuufikiria kuliko mwenzake wa Butare.

Nchini Rwanda kituo cha saratani cha hospitali ya Butaro kilifunguliwa 2012, lakini kiko Burera, kaskazini, huku Rusizi ikiwa pembe ya kusini-magharibi. Tiba ya mionzi ilianza Kanombe, Kigali, mwaka 2019. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa nje ya nchi. Safari hizo ni za baadaye. Cha kwanza kusafiri ni kile kipande cha nyama, ndani ya kichupa cha fomalini chenye jina na tarehe. Mgonjwa anaweza kusubiri nyumbani, mradi ameacha namba ya simu inayopatikana, na ya jirani pia, kwa kuwa milimani betri huisha.