Anayengoja Juni 30 amechelewa miezi miwili

Usiku wa Juni 30, saiba za Mwembe Tayari hapa Mombasa huchelewa kufunga. Foleni ina kila aina ya mtu: kinyozi, dereva wa tuktuk, mpiga picha wa harusi, mwanafunzi ambaye hajawahi kupata hata kibarua. Kijana wa saiba anauliza PIN, anauliza nywila, kisha anauliza swali moja tu: "Tuweke sifuri?" Wengi huitikia kwa kichwa. Mwaka niliotoka kwenye ajira nikaanza kutafsiri nyaraka kwa kujitegemea, nami niliitikia.

Sifuri ile ilinitokea puani. Kampuni moja niliyoitafsiria miongozo ilikuwa imenikata asilimia 5 ya kila malipo na kuyapeleka makato hayo kwa Mamlaka ya Ushuru (KRA), kama sheria inavyotaka kwa kazi za kitaalamu. Basi kwenye akaunti yangu ya iTax kulikuwa na vyeti vya makato vinavyosema nimelipwa, na ripoti yangu mwenyewe inayosema sikupata kitu. Hakuna aliyenichongea, nilijichongea. Ubaya zaidi, makato yale yalikuwa ushuru niliokwisha kuulipa, nami sikuudai.

Mwajiriwa hana shida hii. Mwajiri humkata kila mwezi, na mwaka ukiisha humpa fomu ya P9. Kilichobaki ni kunakili. Sisi wa kujitegemea P9 yetu ni bati la biskuti lililojaa risiti, nusu yake zimefutika. (Karatasi zile laini za dukani hazistahimili joto la Pwani. Zipige picha siku hiyo hiyo.)

Lakini kosa kubwa zaidi ni la tarehe. Juni 30 ni siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti ya mwaka ulioisha Desemba. Kulipa salio la ushuru ni Aprili 30. Anayelipa ushuru kwenye saiba usiku ule wa Juni tayari ana faini ya asilimia 5 ya ushuru aliochelewesha, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi. Asipowasilisha kabisa, anaongezewa Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kutegemea ipi ni kubwa. Ndiyo maana nasema msimu wa ushuru huanza Januari.

Tupige hesabu kwa viwango vya 2024. Mtafsiri amelipwa Sh600,000 kwa mwaka. Ametumia Sh120,000 kwa intaneti, umeme, kompyuta kutengenezwa na nauli za kwenda kwa wateja. Faida ni Sh480,000. Shilingi 288,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, Sh100,000 zinazofuata asilimia 25, zilizobaki asilimia 30. Jumla ni Sh81,400. Ondoa nafuu ya kila mlipa ushuru, Sh28,800 kwa mwaka, zinabaki Sh52,600. Wateja wake wote walikata asilimia 5, yaani Sh30,000. Anadaiwa Sh22,600.

Sasa mwondolee stakabadhi. Gharama zisipokubaliwa, salio hilo hilo linapanda hadi Sh58,600. Bati la biskuti lina thamani ya Sh36,000.

Na si stakabadhi yoyote. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS (mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki), mbali na chache zilizosamehewa, haitolewi kwenye mapato. Kwa hiyo fundi wa kompyuta muulize kabla hajafungua mashine, si baada ya kumlipa. Nawe pia toa ankara zako kwa eTIMS, maana mteja anayejua hesabu zake hatakulipa bila hiyo. Naona sheria hii inamlemea mdogo: nauli ya matatu utaidai kwa ankara ipi? Hata hivyo ndiyo sheria, na vitabu vyako unatakiwa kuvitunza miaka mitano.

Taarifa ya M-Pesa ni shahidi mzuri, ila ni shahidi mropokaji. Humo mna malipo ya mteja, mchango wa harusi ya binamu, zamu yako ya chama na pesa alizokurudishia rafiki. Mimi nilihamishia kazi kwenye laini ya pili. Mwenye kibanda anaweza kutumia Pochi la Biashara. Januari unapakua taarifa ya mwaka na hakuna wa kukuuliza harusi ilikuwa ya nani.

Mwenye duka au karakana anayeuza kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka yuko njia nyingine: asilimia 3 ya mauzo yote, bila kutoa gharama, kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Njia hiyo haitufai sisi tunaouza utaalamu.

Kama unasoma haya na Aprili imepita, wasilisha ripoti hata kama huna senti mfukoni. Faini ya kutowasilisha na faini ya kutolipa ni mbili tofauti, na ya kwanza unaweza kuiepuka kabla ya Juni 30 bila kutoa shilingi. Na kijana wa saiba akikuuliza kuhusu sifuri, mwombe kwanza akufungulie vyeti vya makato.