Uhakiki wa Viendeshi katika Kiini cha Linux: Kusoma Kisichoweza Kujaribiwa

1. Utangulizi

Neno "uhakiki" limezoeleka katika idara za lugha kwa maana ya kuchambua kazi za fasihi. Mhakiki huisoma riwaya au diwani iliyokwisha kuchapwa, akaipima, kisha akawaeleza wasomaji uzuri na upungufu wake. Katika taaluma ya kompyuta upo uhakiki wa namna nyingine, ambao huutangulia uchapaji badala ya kuufuata. Kinachosomwa humo ni msimbo, yaani maagizo ambayo mashine itayatekeleza neno kwa neno, na uamuzi wa mhakiki ndio unaoyafungulia au kuyafungia mlango maagizo hayo.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi uhakiki huo unavyofanyika katika sehemu moja mahususi, nayo ni viendeshi vya vifaa katika kiini cha Linux. Hoja yake kuu ni kwamba mhakiki wa kiendeshi mara nyingi huhukumu kazi ya kifaa ambacho hana, na pengine hajapata kukiona. Kwa sababu hiyo ana nguzo mbili tu za kuegemea: kusoma kwa makini, na kumwamini aliyeandika. Nguzo ya pili ikivunjwa, ya kwanza huelemewa.

2. Kiini na kiendeshi

Kila kompyuta ina programu moja iliyo chini ya zote, ambayo hugawa kumbukumbu, hupanga zamu za kutumia prosesa, na huzuia programu moja isiingilie kazi ya nyingine. Programu hiyo ndiyo kiini cha mfumo endeshi. Linux ni kiini kilichotangazwa mwezi Agosti 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma na kuubadili. Leo hutumika katika seva nyingi za intaneti na katika simu za Android, zikiwamo zile zinazobebwa na wanafunzi wa Lubumbashi na Kisangani.

Hata hivyo kiini hakizaliwi kikijua kusema na kila kifaa. Kadi ya mtandao, kamera, printa na kipimajoto, kila kimoja kina rejista zake, yaani visanduku vidogo vya namba: kuviandikia ni kutoa amri, na kuvisoma ni kupokea jibu. Kiendeshi ni ile sehemu ya msimbo inayozifahamu rejista za kifaa fulani na kuzieleza kwa lugha ambayo kiini kizima kinaielewa. Kifaransa kimekiita kwa neno lenye maana ya rubani, na Kiswahili kimechagua "kiendeshi". Ila kwa kazi yake kinafanana zaidi na mkalimani.

Mkalimani huyu ana madaraka makubwa. Katika Linux, viendeshi vingi hutenda kazi ndani ya kiini chenyewe, navyo vinaweza kufikia kumbukumbu yote. Kosa katika programu ya kuandikia barua huiangusha programu hiyo peke yake. Kosa katika kiendeshi cha kadi ya sauti laweza kuiangusha mashine nzima, au kumfungulia mwizi mlango wa siri zote zilizomo. Mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo.

Hatari hiyo imekwisha kupimwa. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba, kwa aina fulani za makosa, viendeshi vya Linux vilikuwa na kiwango cha makosa kilichofikia mara 3 hadi 7 ya kile cha sehemu nyingine za kiini. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2011 ulirudia kipimo hicho na kukuta kwamba kiwango cha viendeshi kilikuwa kimeshuka, hata kuwa chini ya baadhi ya sehemu nyingine. Hata hivyo, kwa kuwa viendeshi huchukua zaidi ya nusu ya msimbo wote wa Linux, ndivyo vinavyompa mhakiki kazi nyingi zaidi.

3. Safari ya kiraka

Mabadiliko yanayopendekezwa huitwa "kiraka". Mwandishi wa kiendeshi kipya hatakiwi kuleta maelfu ya mistari kwa pamoja. Hutakiwa kuigawa kazi katika viraka vidogo, kila kimoja kikifanya jambo moja linaloweza kueleweka peke yake, na kiini kikibaki kizima baada ya kila kiraka. Sharti hili limewekwa kwa ajili ya msomaji, kwani mashine haijali ukubwa wa kiraka.

Kila kiraka huambatana na maelezo, na hapo mwanaisimu hukutana na jambo la kumvutia. Kanuni za Linux zinataka maelezo yaandikwe katika hali ya kuamuru, kana kwamba mwandishi anauagiza msimbo ubadili tabia yake. Kwa Kiswahili ingekuwa "ongeza ukaguzi wa urefu" badala ya "kiraka hiki kinaongeza" au "nimeongeza". Baada ya amri hiyo hufuata sababu: tatizo lilikuwa nini, nani aliathirika, na kwa nini njia hii imechaguliwa badala ya nyingine. Msimbo wenyewe unaonyesha kilichobadilishwa. Sababu ya kubadilisha haimo ndani yake, na isipoandikwa hupotea pamoja na kumbukumbu ya mwandishi.

Kisha kiraka hupelekwa hadharani, kwa barua pepe, kwa walezi wa sehemu inayohusika. Mlezi ni mtu aliyekubali kuitunza sehemu fulani ya kiini, na jina lake limo katika orodha inayosafiri pamoja na msimbo. Wahakiki hujibu mstari kwa mstari, mwandishi hurekebisha na kuleta toleo la pili, la tatu, na pengine la kumi. Anayeridhika huongeza jina lake chini ya kiraka kuthibitisha kuwa amekihakiki, na aliye na kifaa huthibitisha kuwa amekijaribu.

Tangu mwaka 2004, mwandishi naye hutia jina lake kwa kutamka kwamba ana haki ya kuitoa kazi hiyo. Utaratibu huu ulianzishwa baada ya kampuni ya SCO kuishtaki IBM mwaka 2003 kwa madai yaliyogusa asili ya msimbo wa Linux. Kila mlezi anayekipitisha kiraka huongeza jina lake, hata kikamfikia Torvalds kikiwa na mnyororo wa majina unaofanana na isnadi ya mapokezi: fulani amepokea kutoka kwa fulani. Toleo jipya la kiini hutoka kila baada ya majuma 9 au 10. Majuma 2 ya mwanzo ni ya kupokea mambo mapya, na yaliyobaki ni ya kusahihisha.

4. Anachokitafuta mhakiki

Kwa kuwa mhakiki hana kifaa, hawezi kuuliza tu kama kiendeshi kinafanya kazi. Swali lake ni gumu zaidi: je, kitafanya nini siku ambayo mambo yanakwenda vibaya? Mifano minne itaonyesha namna anavyosoma.

Mfano wa kwanza ni wa njia ya kurudi. Kiini kinapokitambua kifaa, hukiita kiendeshi kijiandae. Kiendeshi huomba kumbukumbu, huwasha umeme wa kifaa, kisha hujiandikisha kupokea makatizo, yaani zile ishara ambazo kifaa hutoa kinapohitaji kuhudumiwa. Hatua ya tatu ikishindikana, za awali hazina budi kutenguliwa kwa mpangilio wa kinyume: umeme uzimwe, kumbukumbu irudishwe. Mwandishi aliyejaribu kazi yake mezani huenda hajapata kushindwa katika hatua hiyo hata mara moja, hivyo njia hiyo haikuwahi kupitiwa. Mhakiki ndiye huipitia kwa macho. Tangu mwaka 2007 kiini kimekuwa na huduma inayorudisha vitu hivyo chenyewe kifaa kinapoondoka, na wahakiki wengi hupendekeza itumike. Hata hivyo nayo yaweza kurudisha kitu mapema kuliko inavyofaa, kwa hiyo haimwondolei mtu wajibu wa kusoma.

Mfano wa pili ni wa mfuatano. Kiendeshi kikijiandikisha kupokea makatizo kabla ya kukamilisha matayarisho yake, katizo laweza kufika papo hapo na kukuta nyumba haijajengwa. Mwandishi anaweza kukijaribu mara elfu bila kuona kosa hilo, kwa sababu kifaa chake huchelewa kidogo kuamka. Vilevile, wakati wa kuhudumia katizo ni mwiko kwa msimbo kulala ukisubiri. Mhakiki hufuatilia kila kazi inayoitwa hapo ili ajue kama ndani yake hamna usingizi uliojificha.

Mfano wa tatu ni wa kusubiri. Viendeshi vingi huwa na kitanzi kinachosoma rejista tena na tena mpaka alama ya "nina shughuli" iondoke. Ikiwa kifaa kimechomolewa katika njia ya PCI, kila usomaji hurudisha namba ambayo biti zake zote ni 1. Alama hiyo basi haiondoki kamwe, na kitanzi hakina mwisho. Kwa hiyo mhakiki hudai kila kitanzi cha kusubiri kiwekewe ukomo wa muda.

Mfano wa nne ni wa kuamini kupita kiasi. Kifaa cha USB huweza kutuma ujumbe unaotaja urefu wake wenyewe. Kiendeshi kikiunakili ujumbe huo kwa kuutegemea urefu uliotajwa, bila kuulinganisha na nafasi iliyoandaliwa, mtu mwenye nia mbaya aweza kutengeneza kifaa kinachodanganya na kuharibu kumbukumbu ya jirani.

Baadhi ya makosa hukamatwa na mashine. Zipo programu zinazokagua mtindo wa uandishi, nyingine zinazotafuta matumizi mabaya ya kumbukumbu, na mitambo inayojaribu kuujenga msimbo kwa aina nyingi za prosesa. Programu hizo humwondolea mhakiki kazi ya kuhesabu nafasi na mabano. Haziwezi kumwambia kama maelezo yana ukweli, au kama kiendeshi cha pili kinarudia kazi ambayo kiendeshi cha kwanza kilikwisha kuifanya.

Lipo pia swali la urithi. Kiolesura ambacho kiini kimekwisha kuzipa programu za watumiaji hakivunjwi kwa urahisi, kwani desturi ya Linux ni kutoziharibu programu zilizokuwa zikifanya kazi. Jina baya au kipimo kisicho wazi kikikubaliwa leo, kitabebwa miaka mingi, pengine na mlezi mwingine baada ya mwandishi kuhamia kazi nyingine. Viendeshi vya aina hiyo, vyenye manufaa lakini visivyokomaa, vilitengewa mahali pao pa kusubiri mwaka 2008 ili virekebishwe hatua kwa hatua.

5. Imani ilipovunjwa

Mwezi Agosti 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, nchini Marekani, walipeleka viraka vichache kwa majina ya kubuni. Kwa nje vilionekana kusahihisha kasoro ndogo, lakini baadhi yake vilikusudiwa kuingiza kasoro nyingine ya usalama, ili ionekane kama wahakiki wangegundua. Kamati ya maadili ya chuo baadaye iliona kwamba utafiti huo haukuwa utafiti juu ya binadamu.

Mwezi Aprili 2021, baada ya viraka vingine vya kutiliwa shaka kufika kutoka chuoni humo, mlezi Greg Kroah-Hartman alitangaza kwamba michango ya chuo hicho haitapokelewa. Watafiti waliomba radhi na kuiondoa makala yao iliyokuwa imekubaliwa kuchapishwa. Lakini kazi haikuishia hapo. Michango 435 iliyowahi kutoka chuoni humo ililazimika kusomwa upya. Ripoti ya baraza la ushauri la Linux Foundation, iliyotolewa mwezi Mei 2021, ilieleza kwamba viraka vibaya vya majaribio havikupitishwa, na kwamba idadi kubwa ya ile michango ya zamani ilikuwa sahihi, ingawa 39 ilihitaji kurekebishwa.

Tukio hili lina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba jina lililotiwa chini ya kiraka si pambo. Lilipobainika kuwa la uongo, gharama ililipwa kwa saa za watu wengi, waliorudi kusoma yale yaliyokwisha kusomwa. La pili lahusu vyuo. Kamati iliona msimbo, haikuona wasomaji. Ilhali nyuma ya kila kiraka yupo mtu anayetumia muda wake kukisoma. Na aliyepimwa katika jaribio lile ni yeye, bila kuulizwa.

6. Hitimisho

Uhakiki wa viendeshi, kama ulivyoelezwa, ni kazi ya lugha kiasi kile kile ulivyo kazi ya mashine. Unadai sentensi zenye sababu, mgawanyo wa hoja, ukweli wa saini, na subira ya kumjibu mtu mara kumi bila kumdharau. Mijadala hiyo huhifadhiwa wazi, na mwanafunzi wa kompyuta aweza kuifuata tangu toleo la kwanza la kiraka hadi la mwisho bila kugharimika kununua kifaa chochote. Mwanafunzi wa isimu naye atapata humo maandishi yanayoonyesha jinsi watu wasiowahi kuonana wanavyokubaliana juu ya maana. Na kwa mtafiti yeyote anayekusudia kuchunguza jumuiya ya namna hii, swali la kwanza litakuwa lile lililosahauliwa mwaka 2020: nani atasoma, na je, ameombwa ridhaa?